Ukifika Kwenye Mwembe, Nipigie

Serikali imebandika namba milangoni, simu zinachomeka pini kwenye ramani. Dar es Salaam bado inaelekezana kwa miembe, makaburi na reli.

Saa tano na robo asubuhi. Dereva wa bodaboda amesimama ukingoni mwa bonde la Msimbazi, upande wa Tabata, injini inaunguruma, boksi la viatu limekazwa kwa mpira kwenye kiti cha nyuma. Simu aliyoifunga kwenye usukani inamwambia kwamba safari imekwisha. Kidoti cha buluu, ambacho ni yeye, na pini nyekundu, ambayo ni mteja, karibu vigusane. Zimebaki mita 90.

Simu haisemi uongo. Ni mita 90 kweli. Ila ndani ya hizo mita 90 unapita mto.

Anapiga.

"Dada, nimefika, lakini mbele naona maji."

"Aa, kaka, umekuja na njia gani? Mimi niko Kigogo, huku ng'ambo. Geuza, zunguka uje na darajani. Ukishavuka ulizia fundi magodoro, anatazamana na msikiti. Hapo kuna kichochoro, ingia nacho mpaka kwenye mwembe. Ukifika kwenye mwembe, nipigie."

"Mwembe upi?"

"Ulishakatwa. We ulizia tu mwembeni."

Kwa maneno haya au yanayofanana nayo, mji mzima huongea hivyo kuanzia asubuhi hadi usiku. Ndani yake zimo jiografia mbili zinazogombea kazi moja. Ya kwanza ni ya namba: kila sehemu ya dunia ina latitudo yake na longitudo yake, haitegemei jirani wala haijali nani anauliza. Ya pili ni ya ujirani: kitu kiko nyuma ya kitu kingine, mkabala na kingine, kabla hujafika kwa fulani. Ya kwanza inajua nyumba ilipo lakini haijui njia. Ya pili inajua njia, mradi uwe mtu wa hapo.

Tangu mwaka 2022 imeongezeka ya tatu, ile ya Serikali, yenye vibao vya barabara na namba za nyumba. Na hapo ndipo mvutano ulipo.

Nyuzi, dakika, sekunde

Somo lenyewe kila aliyepita shule ya msingi amelisoma. Mistari ya latitudo hulala, huhesabiwa kutoka ikweta ambako ni nyuzi 0 hadi nyuzi 90 kwenye kila ncha ya dunia. Ya longitudo husimama, huanzia Greenwich, jijini London, na kwenda hadi nyuzi 180 mashariki na magharibi. Mistari miwili inapokatana, mahali pamepatikana. Vitabu vya hisabati huita jozi hiyo majira ya nukta; wapima ardhi wakiwa kazini husema kodineti, na hakuna anayewashangaa.

Posta ya Dar es Salaam iko nyuzi 6 dakika 49 kusini, nyuzi 39 dakika 17 mashariki. Ukitaja nusu tu ya jibu hilo umepotea. Dodoma na Mji wa Zanzibar, kwa mfano, ziko karibu kabisa kwenye latitudo moja, nyuzi 6 na dakika 10 kusini. Anayeelewa latitudo peke yake anaweza kuutafuta mji mkuu wa nchi akajikuta Forodhani anakula urojo, kilomita 380 hivi kutoka alikokuwa anakwenda.

Uzi mmoja wa latitudo ni takriban kilomita 111 ardhini. Ugawe kwa 60 unapata dakika, yaani kilomita 1.85, ambayo ndiyo maili moja ya baharini. Gawa tena kwa 60 unapata sekunde: mita 31, nyumba mbili za uswahilini pamoja na kichochoro chake. Simu za siku hizi zimeachana na dakika na sekunde, zinaandika desimali, na tarakimu ya tano baada ya nukta ni mita moja na ushei. Kinadharia, basi, simu inaweza kutofautisha mlango wa mbele na wa uani.

Longitudo ndiyo iliyowatesa wanadamu zaidi. Latitudo manahodha wa Bahari ya Hindi waliipata kwa kamali, kipande cha ubao chenye uzi wa mafundo kilichopima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari. Longitudo haina nyota yake. Ni suala la wakati: dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kujua uko wapi mashariki au magharibi unahitaji kujua saa ya kwenu na saa ya hapo ulipo, kwa pamoja. Bunge la Uingereza lilitenga zawadi ya hadi pauni 20,000 mwaka 1714 kwa atakayetatua fumbo hilo baharini, na fundi saa John Harrison alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuunda saa isiyoyumbishwa na mawimbi.

Anayeona hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani ajaribu kulitazama jua la Kigoma. Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia saa ya longitudo nyuzi 45 mashariki, mstari usiogusa hata nchi moja kati ya hizo. Unapita jirani na Mogadishu. Kwa wastani wa mwaka, jua la Dar es Salaam hufika utosini saa sita na dakika 23. La Kigoma, nyuzi 9 na nusu hivi magharibi zaidi, hufika saa saba na dakika moja. Saa ya ukutani ni moja, mchana wa kweli ni miwili, na tofauti yake ya dakika 38 si kitu kingine bali longitudo.

> Dodoma na Mji wa Zanzibar ziko karibu kabisa kwenye latitudo moja. Kati yake kuna kilomita 380.

Mstari mmoja na Maka

Pwani ina bahati nyingine ambayo wengi huiishi bila kuihesabu. Maka iko longitudo nyuzi 39 dakika 49 mashariki. Mombasa iko nyuzi 39 dakika 40, Dar es Salaam 39 dakika 17, Zanzibar 39 dakika 12. Yaani ni mstari ule ule, tofauti ni chini ya uzi mmoja. Anayeswali Kariakoo anaelekea kaskazini kwa hitilafu ya kama nyuzi 1 tu.

Ndiyo maana wazee wa pwani waliweza kuuita upande wa kaskazini kibla na wakaeleweka. Kusini waliita suheli, kwa jina la nyota. Na majina yaliyoshinda, kaskazini na kusini, yametokana na pepo: kaskazi inayovuma toka Desemba, kusi inayofuata kuanzia Aprili. Mtu aliyepotea katikati ya maghorofa ya Kariakoo, simu imezima, hahitaji setilaiti kujua upande. Atafute msikiti, atazame mihrabu.

Hii nayo ni jiografia ya ujirani, ila jirani mwenyewe yuko zaidi ya kilomita 3,000.

Mji uliopotea mara mbili

Wanaodhani namba pekee zingemaliza ugomvi wakumbuke Rhapta.

Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani ya Azania, na kinaelekeza kama mteja wa Kigogo anavyoelekeza: ukishapita kisiwa cha Menouthias, safiri mwendo wa siku mbili kwa tanga. Tatizo ni kwamba Menouthias chenyewe hakijulikani kwa hakika ni kipi. Wapo wanaosema Unguja, wapo wanaosema Pemba, wapo wa Mafia. Mwembe umekatwa.

Kiasi cha mwaka 150, Ptolemaio wa Aleksandria akaja na dawa. Akakusanya orodha ya maeneo yapatayo 8,000, kila moja na latitudo na longitudo yake, na Rhapta imo. Lakini alikuwa ameirithi dunia ndogo kuliko ilivyo, uzi mmoja kwake ukiwa na stadia 500 badala ya 700 alizokadiria Eratosthenes kabla yake. Na kwa miji ambayo hakuna aliyeipima nyota, namba zake zilitokana na hadithi zile zile za wasafiri: siku ngapi kwa tanga, upepo gani. Alizivalisha hadithi suti ya hesabu.

Matokeo yake, wataalamu wana maelekezo ya ujirani na wana kodineti pia, na bado wanabishana kama Rhapta ilikuwa delta ya Rufiji, jirani na Dar es Salaam ya leo, au Pangani.

Kosa la Ptolemaio lina wajukuu. Ramani za karatasi za Kenya, Uganda na Tanzania, zile za uwiano wa moja kwa 50,000, zilijengwa juu ya mfumo uitwao Arc 1960. Mfumo huo ulitokana na upimaji mkubwa uliofuata longitudo nyuzi 30 kutoka Afrika Kusini hadi Misri, mstari unaopita jirani na Kigali. David Gill aliupigia debe mwaka 1879 na pengo lake la mwisho lilizibwa 1954. Setilaiti za GPS zina mfumo wake mwingine, WGS84. Chukua namba ya kisima kutoka kwenye karatasi ya zamani, iingize kwenye simu bila kuibadili, nenda ukachimbue: utakuwa umekosea kwa karibu mita 300. Namba ni zile zile, ardhi ni nyingine.

Kwa anayetafuta kisima, huo ni usumbufu. Kwa anayegombania mpaka wa shamba, ni kesi. Tanzania imeshaunda mfumo mpya wa rejea unaokubaliana na setilaiti, TAREF11, lakini hati na bikoni za zamani hazikuhama siku moja.

Mwisho usio mwisho

Rudi mjini, panda daladala, sikiliza konda. Ubungo Maziwa. Sinza Makaburini. Tabata Relini. Mbagala Rangi Tatu. Tegeta kwa Ndevu. Buguruni Sheli. Huo ni mfumo kamili wa anwani, umetungwa na abiria, hauna ofisi, haujawahi kutengewa bajeti, na hufanya kazi kwa mamilioni ya watu kila siku. Kanuni yake ni moja: taja eneo, kisha taja kitu ambacho kila mtu anakiona.

Udhaifu wake ni kwamba vitu hufa. Uzuri wake ni kwamba majina hayafi.

Tabata Dampo palikuwa na dampo kweli. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 1988 wakiulalamikia moshi na uvundo, hatimaye taka zikahamishiwa kwingine, na leo kijana aliyezaliwa hapo anashuka Dampo bila kuwahi kuona lori la taka likimwaga. Ubungo Mataa ilipewa jina na taa za kuongozea magari. Makutano yale yamekuwa barabara za ghorofa tangu 2021, konda bado anaita Mataa. Mbezi Mwisho ulikuwa mwisho wa mji. Mji ukaupita, ukaenda Kibamba, ukaenda Kiluvya, na kituo kikaendelea kuitwa Mwisho kama mzee ambaye watoto wake wote ni warefu kuliko yeye. Kariakoo yenyewe ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, na sijui ni wachuuzi wangapi wa pale wangelitambua jina Carrier Corps wakilisikia.

Kwa hiyo mwembe uliokatwa si upuuzi. Umeacha kuwa mti, umekuwa jina, na jina likishakubaliwa halitofautiani sana na namba.

Lakini ni jina la nyumbani tu. Mbuyuni ipo Moshi, ipo Mombasa. Majengo ipo Moshi, ipo Dodoma, ipo Mombasa, na Nairobi pia, kule Pumwani. Anayepiga simu ya dharura akisema "niko Majengo, karibu na msikiti" amesema kila kitu kwa jirani yake, na kwa aliyekaa kituo cha simu mkoa mwingine hajasema neno.

Ujirani pia hujisifu bila kupimwa. Arusha ina mnara wa saa ambao wenyeji humwambia kila mgeni kwamba uko katikati ya Cairo na Cape Town. Wenye ramani wanaweza kuhakiki. Kwa latitudo pekee, katikati ya miji hiyo miwili si Arusha, ni kama kilomita 160 kaskazini, usawa wa Kajiado nchini Kenya. Kwa mstari ulionyooka juu ya mgongo wa dunia, hesabu inageuka: Arusha iko kilomita 3,760 hivi kutoka Cairo na 3,890 hivi kutoka Cape Town, kwa sababu Cape Town imejitenga mbali upande wa magharibi. Njia moja ya kupima inausogeza mnara kusini mno, nyingine inausogeza kaskazini kidogo. Wapiga picha wa mnarani hawajali, na pengine wana haki.

> Mwembe uliokatwa umeacha kuwa mti, umekuwa jina.

Namba mlangoni

Kwa miongo mingi anwani rasmi ya Mtanzania ilikuwa sanduku la posta. S.L.P. ilisema barua yako ilale wapi, haikusema wewe unalala wapi. Benki, mahakama na hospitali ziliishi hivyo hivyo.

Mwaka 2022 Serikali iliamua kulimaliza kwa mwendo wa operesheni. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya anwani za makazi mwanzoni mwa mwaka, ikikimbizana na Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23. Barabara na vichochoro ambavyo havikuwahi kuitwa kitu vilipewa majina ndani ya miezi michache, nyumba zikapigwa namba, na taarifa zikaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali unaofahamika kwa kifupi NaPA. Sensa ilihesabu watu 61,741,120, Dar es Salaam peke yake 5,383,728.

Muundo wa anwani unaeleweka: namba ya nyumba, jina la barabara, kata, kisha postikodi ya tarakimu tano. Tarakimu ya kwanza ni kanda, na kadiri unavyosoma kwenda kulia unashuka mkoa, wilaya, hadi kata. Kivukoni ni 11101. Inayoanza na 7 ni Zanzibar. Hapa pana ujanja unaostahili kusifiwa, kwa sababu postikodi ni namba lakini imejengwa kwa ujirani: anayeijua moja anaweza kukisia iliyo jirani yake, jambo ambalo kodineti tupu haimpi mtu wa kawaida.

Hoja ya Serikali ni nzito. Kikosi cha Zimamoto kikipigiwa 114, kinahitaji kujua mlango. Mkopeshaji anahitaji kujua mkopaji anakaa wapi. Mfanyabiashara wa mtandaoni hupoteza faida yake kwenye vocha na mafuta ya kuzunguka. Na mtu asiye na anwani ni rahisi kusahaulika katika mipango ya maji na barabara.

Lugha, hata hivyo, iliweka kigingi. Kwa Kiswahili cha kila siku, mtaa ni barabara yenye nyumba huku na huku. Kwa utawala wa miji ya Tanzania, mtaa ni eneo zima lenye mwenyekiti wake na ofisi yake, ndani yake barabara kadhaa. Muulize mtu "unakaa mtaa gani?" atakupa jibu mojawapo kati ya mawili, na yote ni sahihi. Kibao kinasema barabara, kadi inasema mtaa, jirani anasema mwembeni.

Kuna na hili la majina mapya. Kichochoro ambacho watu wamekiita kwa fundi kwa miaka 20 kimeamka asubuhi na jina la ua au la mnyama. Hakuna aliyelikataa, halikuingia mdomoni tu. Namba iko mlangoni, imepakwa vizuri, na mwenye nyumba akipiga simu kuita fundi bomba bado anasema kwa fundi.

Msimbo wa nani?

Wakati Serikali inapaka rangi, kampuni za teknolojia zimekuja na njia ya mkato: kwa nini kuhangaika na barabara, wakati setilaiti zinaijua dunia nzima?

Google ilitoa Plus Codes, mfumo ulio wazi kwa yeyote kuutumia. Ni latitudo na longitudo zile zile zilizobanwa katika herufi na tarakimu 10, na irabu zimeachwa kwa makusudi ili msimbo usije ukaunda neno la aibu. Dar es Salaam huanza na 6G5X, na Mji wa Zanzibar vilevile, kwa kuwa zote zimo katika mraba mmoja wa uzi kwa uzi. Msimbo mzima hukufikisha kwenye kipande cha mita 14 kwa 14. Kinachovutia ni umbo lake fupi: unakata herufi nne za mwanzo na kuandika jina la mji badala yake. Yaani mfumo wa hesabu tupu, ulipotaka kupendwa na watu, ulirudi kuomba msaada wa ujirani.

Kampuni ya what3words ya London ilikwenda upande mwingine. Imeigawa dunia katika miraba ya mita tatu kwa tatu, na kila mraba una maneno matatu, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake. Kutamka maneno ni rahisi kuliko kutamka tarakimu. Lakini maneno ya miraba miwili inayogusana hayahusiani. Huwezi kusema "nyumba ya pili kutoka hapo". Na ufunguo wa mfumo ni mali ya kampuni. Mji unaokabidhi anwani zake kwa ufunguo wa mtu binafsi unapaswa kujiuliza mara mbili.

OkHi, iliyoanzia Nairobi, ilitambua jambo ambalo kila bodaboda analijua: pini bila geti haitoshi. Ikaunganisha nukta ya GPS na picha ya geti la nyumba.

Maana pini nayo ina magonjwa yake. Simu hupata mahali kwa kusikiliza setilaiti zisizopungua nne zilizo kilomita 20,200 angani. Mpaka Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiwachakachulia raia ishara hizo makusudi. Tangu ilipoacha, uwanjani penye anga wazi simu hukosea mita chache tu. Penye kuta ndefu ni habari nyingine. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe au kati ya maghorofa ya Kariakoo ishara hugonga ukuta kabla ya kufika, na kidoti huruka kutoka upande mmoja wa jengo hadi wa pili kama kuku aliyefukuzwa. Halafu kuna makosa ya binadamu: mteja anarusha lokesheni akiwa saluni, anarudi nyumbani, anashangaa mzigo umeenda saluni.

Waliochorwa na wasiochorwa

Ramani nyeupe si ardhi tupu. Hadi 2009 Kibera, Nairobi, ilionekana kwenye ramani nyingi kama doa lisilo na barabara. Vijana wa pale walichukua vifaa vya GPS, wakatembea, na mradi wa Map Kibera ukaijaza. Tandale, Dar es Salaam, ilifuata 2011. Mwaka 2015 ulianza Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi kuchora kata zinazofurika: mifereji, vivuko, nyumba, mahali maji yanapofika. Droni zilipiga picha kutoka juu. Lakini droni haijui mfereji ulizibwa lini, wala haijui kwamba njia ile hupitika kiangazi tu. Hayo yalisemwa na watu waliosimama mlangoni.

Huko vijijini ujirani unaokoa maisha. Mpango wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga walio katika hatari hupokea simu kupitia 115, bure, na pasipokuwa na gari la wagonjwa humtuma dereva wa jamii ile ile mwenye gari lake. Dereva huyo hahitaji tarakimu sita za desimali. Anahitaji jina la kitongoji; mbuyu, kisima na kona yenye tope anavijua tangu utotoni. Mpelekee simu hiyo dereva wa mkoa mwingine na mfumo mzima unategemea namba tena.

Saa sita kasoro kumi, yule wa bodaboda amevuka. Fundi magodoro amemwonyesha kichochoro kwa kidevu, bila kuacha sindano. Mwembeni hapana mwembe: pana kisiki, na juu ya kisiki ameketi mama anayeuza mihogo. Mteja anatoka na kanga kichwani, anapokea boksi, analipa kwa simu. Nyuma yake, juu ya mlango, ipo namba, nyeupe kwenye bati la buluu.

"Si ungeniambia hiyo namba, dada?"

"Ipi?" Anageuka kuitazama. "Hii? Hii waliipiga wenyewe."

Dereva anafungua ramani kwenye simu, anabonyeza mahali aliposimama, na pini mpya inajichora upande sahihi wa mto, tarakimu sita baada ya nukta. Simu inauliza aiite nini. Anaandika kwa kidole gumba: *Dada viatu, mwembeni*. Anahifadhi, anapiga kiki, anageuza.